Kiganja cha karanga: jinsi tulivyomaliza mgongano wa sauti kwenye redio moja, Lubumbashi

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Juzi humu jukwaani kijana mmoja aliuliza swali lililonifanya nicheke peke yangu kama mwehu. Ikiwa kompyuta nyingi zinatumia Wi-Fi moja, hewa ileile, ni nani anayeziambia zisiongee kwa pamoja? Akajibiwa kwa vifupisho vya kitaalamu, kimoja baada ya kingine, hadi nikamhurumia.

Mimi nitamjibu kwa kisa kilichonitokea. Nilikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho na nitakieleza kama kilivyokuwa. Sina haja ya kuongeza chumvi. Chumvi ilikuwa tayari kwenye karanga, kama mtakavyoona.

Ilikuwa Lubumbashi, miaka ya sabini. Nchi ikiitwa Zaire, chama kikiwa kimoja, na shaba ikiwa ndiyo baba na mama wa kila kitu. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na diploma ya elektroniki, abakosti moja ya kijivu, ile suti ya Zaire isiyovaliwa tai, na imani kwamba kila tatizo la binadamu lina suluhisho la haki, mradi mtu akae chini alifikirie kwa uaminifu.

Imani hiyo ninayo hadi leo. Mnisamehe.

Niliajiriwa na kampuni moja ya uchukuzi ambayo sitaitaja. Malori yetu yalipeleka unga wa mahindi kwenye kambi za wafanyakazi wa migodi. Tulikuwa na vituo vinne vya redio: Kati, yaani makao yetu pale Kamalondo, kisha Ruashi, Kipushi na Likasi.

Vituo vinne, masafa mamoja. Kumbukeni hilo, maana ndilo tatizo lote.

Kwa wale ambao hawajawahi kushika redio za namna hiyo: ukibonyeza kitufe unasema, ukikiachia unasikia. Huwezi kufanya yote mawili. Wawili wakibonyeza kwa wakati mmoja, Kati haisikii hata mmoja wao. Inasikia mchakacho tu, kama samaki wanaotumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Na ubaya wake ni kwamba wale wawili hawajui. Kila mmoja anadhani amesema vizuri. Anagundua tu pale anapoachia kitufe, akangoja Kati imjibu "nimekupata", na jibu lisije.

Kila asubuhi kila kituo kilipaswa kuiambia Kati kwamba lori limepakiwa. Bila ruhusa ya Kati lori haliondoki. Lori lisipoondoka, akina mama wa kambini wanasimama na mabeseni yao mpaka jua linawapiga utosini.

Sasa niwatambulishe watu, nao ni wachache.

Kati alikuwa Papa Amisi, mtu wa makamo, mzaliwa wa Kamalondo, ambaye wazazi wake walitoka Maniema. Mwislamu mwenye msimamo, na sauti yake redioni ilikuwa tulivu kiasi kwamba hata habari ya lori kupinduka ilisikika kama salamu.

Kipushi alikuwa Citoyen Ilunga. Enzi zile sote tuliitwa Citoyen na Citoyenne, yaani raia, ndiyo sheria ya heshima. Ilunga alikuwa mcheshi, mlaji na mwenye haraka.

Ruashi alikuwa Citoyenne Mujinga. Baba yake alikuwa mtu wa reli, na yeye mwenyewe alikuwa anajenga nyumba ya matofali pale Ruashi, chumba baada ya chumba, kwa mshahara wake wa redio.

Na juu yetu sote alikuwepo Citoyen Directeur, mkurugenzi wetu.

King'ora cha kuanza kazi kililia saa moja kila mahali. Likasi alikuwa na mzigo mkubwa, akamaliza baadaye, lakini Ruashi na Kipushi walimaliza kupakia pamoja na kubonyeza pamoja. Mchakacho! Kimya. Kisha wote wawili wakarudia, tena pamoja. Mchakacho! Waliendelea hivyo hadi Ilunga achoke, atoke mbio kwenda kupiga simu katika ofisi ya kambi iliyokuwa jirani naye.

Ruashi hakukuwa na simu. Mujinga alisikika tu baada ya Ilunga kutoka redioni, wa mwisho, amechelewa.

Kwa hiyo mbele ya Citoyen Directeur mambo yalionekana hivi: Kipushi anatoa habari, Likasi anatoa habari, Ruashi amelala. Akaamua. Alisema mbele yetu sote kwamba Ijumaa atakuja Kati yeye mwenyewe, na ikiwa Ruashi hatasikika mapema redioni, kituo kitafungwa na Citoyenne Mujinga atarudi nyumbani.

Wakuu, sikulala vizuri. Dada yule hakuwa na kosa! Kosa lilikuwa la hewa!

Nikaomba ruhusa niende Ruashi nikamwone akifanya kazi. Nilikaa kando yake. Akabonyeza, akasema, akaachia. Hakuna jibu.

"Njo vile kila siku," akaniambia kwa Kiswahili cha Lubumbashi, ambako 'ndiyo' ni 'njo' na 'watu' ni 'bantu'. "Sasa minangoja mpaka kumi, minarudilia."

"Nani aliwafundisha kungoja mpaka kumi?"

"Shi ni mafundisho ya kazi! Banatuambia: mukigongana, hesabu kumi."

Akaanza kuhesabu. Na hapo nikaona kitu. Mguu wake ulikuwa unagonga sakafu. Mabega yalikuwa yanacheza kidogo, kushoto, kulia.

Siku iliyofuata nikaenda Kipushi.

Citoyen Ilunga akabonyeza, akasema, akaachia. Hakuna jibu. Akaanza kuhesabu. Mguu ukagonga sakafu. Mabega yakacheza. Kushoto, kulia.

Wakuu, nilitoka nje, nikaegemea tangi la maji, nikacheka hadi mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa.

Nitawaeleza. Enzi zile kabla ya kazi kulikuwa na animation. Wafanyakazi wote tulisimama uani, tukaimba na kupiga makofi na kucheza kwa heshima ya chama. Mafundisho ya redio yalifanyika Kamalondo, asubuhi mara tu baada ya animation, watu wakiwa bado na mdundo mwilini. Mkufunzi akawahesabisha mpaka kumi kwa pamoja, kwa sauti, na bila mtu yeyote kukusudia wakahesabu kwa mdundo uleule wa makofi.

Na mdundo ule waliuimba upya kila asubuhi ya Mungu! Ruashi na Kipushi wametengwa na barabara ndefu, hawaonani, lakini wanahesabu kama askari wawili wa gwaride moja. Wanaanza kungoja pamoja, wanamaliza kungoja pamoja, wanabonyeza pamoja.

Nidhamu yao ilikuwa kamili mno. Ndiyo iliyokuwa inawaponza.

Nikarudi na kumweleza Citoyen Directeur. Alinisikiliza huku akitazama kalamu yake.

"Jeune homme, kijana," akasema, "unaniambia animation njo inaharibu redio?"

Sentensi kama ile, enzi zile, haikuwa ya kujibiwa kwa pupa.

"Hapana, Citoyen Directeur. Animation inafanya kazi vizuri kupita kiasi. Inafika hadi kwenye redio."

Akanitazama. Sikujua kama anataka kucheka au kuita mtu.

"Basi kila posti ingoje mpaka Kati iiite," akasema. "Likasi kwanza, kisha Kipushi, Ruashi mwisho."

Nikajibu, kwa heshima yote, kwamba wa kwanza akiwa na maneno mengi wa mwisho atangoja hata kama lori lake linaungua moto. Nikamwomba aniachie Ijumaa ileile. Kukishindikana, tufuate orodha yake.

"Ijumaa," akasema. "Na Ruashi isiposikika, ni mwisho."

Sasa suluhisho nilikuwa nalo kichwani, na ndilo lililokuwa likinifanya nitembee mitaa ya Kamalondo nikiwa karibu kuruka. Chuoni nilikuwa nimesoma kwenye jarida moja habari za wataalamu wa visiwa vya mbali waliounganisha kompyuta kwa redio. Kompyuta mbili zikigongana, kila moja inangoja muda wake, wa kubahatisha, ndipo inarudia. Hazingoji muda sawa, wala muda wa cheo. Zinangoja muda ambao hakuna aliyeupanga.

Hebu fikirini uzuri wake! Hakuna mkubwa, hakuna mdogo, hakuna wa mwisho wa kudumu. Kwangu mimi ile haikuwa elektroniki tu. Ilikuwa haki, iliyopigwa lehemu na kuunganishwa na betri.

Alhamisi mchana nikawakusanya Papa Amisi, Mujinga na Ilunga uani pale Kamalondo. Yule wa Likasi alikuwa mbali. Tulimpa maelekezo kwa redio baadaye. Nikatoa dadu mfukoni.

Papa Amisi akarudi nyuma hatua moja.

"Ile kintu, hapana. Ile ni ya kamari. Miye sigusi."

"Papa Amisi, hatuchezi kwa ajili ya kushinda kitu. Ni kuhesabu tu."

"Mutoto wangu, umesoma, niko nakuheshimu. Lakini saa bantu ya Kamalondo bataniona natupa dadu ku kazi, utaenda kubaelezea nyumba na nyumba?"

Alikuwa na haki, na mimi niliyejiona mtu wa maadili sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Nikarudisha dadu mfukoni.

Tukakaa tukiwaza. Ilunga, kama kawaida yake, alikuwa anakula karanga kutoka kwenye mfuko wa karatasi.

"We Ilunga," Mujinga akamwambia, "bantu beko nafikiri, weye uko natafuna tu. Ukinigawia hata mukono moja ya kalanga utakufa?"

Ilunga akatumbukiza mkono, akampa alichokamata. Mujinga akaangalia kiganja.

"Yangu! Hii tu? Mara ingine unakamata mingi, mara ingine kidogo."

Nilisimama ghafla hadi kiti kikaanguka.

Mara zinatoka nyingi, mara chache! Nani anajua mkono utatoa karanga ngapi? Hata mwenye mkono hajui!

Tukaweka utaratibu palepale. Kwanza sikiliza, kama mtu anasema, usibonyeze. Hewa ikiwa tupu, sema. Kati isipojibu, ujue umegongana. Hapo tumbukiza vidole kwenye kopo bila kuangalia, chukua punje chache, uzihamishe moja moja kwenda kopo la pili, pumzi moja kwa kila punje. Zikiisha, sikiliza tena, kisha sema. Ukigongana mara ya pili, chukua kiganja kizima. Mara ya tatu, viganja viwili.

"Na zile nimehesabu?" Ilunga akauliza.

"Kula."

"Kazi inaanza kuwa muzuri!"

Papa Amisi akainua kidole. "Na Ramadani?"

Swali halali kabisa. Tukakubaliana kwamba mwezi wa mfungo Kati itatumia maharagwe makavu.

Tukafanya mazoezi uani bila redio, Ruashi nyuma ya rundo la magunia, Kipushi nyuma ya lori bovu, kila mmoja akipaza sauti, Papa Amisi katikati na macho amefumba. Wapita njia wa Kamalondo walisimama. Mama mmoja muuza mandazi akauliza ni animation ya namna gani hii.

Mwanzoni ilikwenda vizuri ajabu. Kisha nikagundua kwamba Kipushi anatangulia kila mara. Mujinga naye akagundua.

"Ilunga! Uko nakamata kamoja tu!"

"Vidole yangu iko midogo, dada."

"Midogo? Ile vidole ya kumaliza sahani ya bukari?" Bukari ndiyo ugali wa kwetu.

Wakuu, niliumia moyoni. Mpango wangu mzima ulitegemea uaminifu, na uaminifu ulikuwa umekufa kabla ya jioni. Nikaanza hotuba kuhusu dhamiri. Mujinga akanikatisha.

"Acha, Ingénieur. Muache tu. Na miye nitakamata kamoja."

Akafanya hivyo. Wakagongana. Punje moja moja tena, wakagongana. Tena. Tena. Wote wawili walikuwa wanapayuka uani kama majogoo, Papa Amisi akitikisa kichwa kwamba hajapata kitu.

Mwishowe Ilunga akatoka nyuma ya lori, sauti imemkauka. "Sawa, sawa! Namna hii hata miye sipiti."

"Njo ujue," Mujinga akasema.

Hotuba yangu ya dhamiri sikuimalizia. Lakini sikujua kama kesho yake, akiwa peke yake Kipushi, Ilunga angekumbuka. Riziki ya Mujinga ilikuwa kwenye vidole vya mtu yule.

Ijumaa, Citoyen Directeur alifika Kati mapema, akasimama nyuma ya Papa Amisi, mikono nyuma. Kwenye meza, kando ya redio, kulikuwa na makopo mawili. Moja tupu, moja limejaa karanga za chumvi. Aliyaangalia, hakuuliza.

King'ora kikalia.

Mchakacho!

Papa Amisi hakujibu. Kimya. Nikawaona kichwani mikono miwili ikiingia kwenye makopo mawili, mbalimbali, chini ya jua moja.

Mchakacho tena!

"Njo ileile," Citoyen Directeur akasema.

"Sasa wanachukua kiganja kizima, Citoyen Directeur."

"Kiganja ya nini?"

Nikajifanya nasikiliza redio. Kimya kikawa kirefu. Nilikuwa nahesabu pumzi zangu mwenyewe, na wallahi nilikuwa nazihesabu vibaya.

"Kati, Kati, huku Ruashi. Kamyo ya bunga iko tayari. Kati, unanisikia?"

Papa Amisi akabonyeza kitufe, akajibu kwa ile sauti yake ya salamu. "Ruashi, nimekupata, mama. Kamyo iende."

Nilitaka kumkumbatia mtu. Aliyekuwa karibu ni Citoyen Directeur, kwa hiyo nilijizuia.

Muda kidogo, Kipushi: "Kati, huku Kipushi... mmh... kamyo yangu nayo iko tayari." Maneno yalitoka yakiwa yamefunikwa na kutafuna. Ilunga alikuwa amechukua kiganja cha haki. Ushahidi ulikuwa mdomoni mwake!

"Ule muntu anakula?" Citoyen Directeur akauliza.

"Ni karanga, Citoyen Directeur. Ni sehemu ya utaratibu."

Akainama, akachukua kipaza sauti mkononi mwa Papa Amisi, na bila kusikiliza kwanza akabonyeza. "Ruashi, huku Directeur." Akaachia. Hakuna jibu, sauti ya Likasi tu, ikimalizia sentensi yake.

"Kwa nini hajibu?"

"Mumegongana na Likasi, Citoyen Directeur," Papa Amisi akasema kwa adabu. Kisha, polepole, kwa kidole kimoja, akasogeza kopo la karanga mbele yake.

Wakuu, mliokuwepo enzi zile mnajua mkurugenzi alikuwa nani. Niliiona diploma yangu ikipepea kuelekea dirishani.

Citoyen Directeur akaliangalia kopo. Akamwangalia Papa Amisi. Akaniangalia mimi.

Akatumbukiza mkono.

Naye alikuwa mtu wa mikono mikubwa! Akatoa rundo, akaanza kuhamisha, punje moja, pumzi moja, punje moja, pumzi moja, huku midomo yake ikihesabu kimya kimya. Wakati huo Likasi akarudia habari yake yote. Kipushi akauliza kuhusu tairi, akajibiwa. Likasi akashukuru. Watu wote wa Katanga walisema wakamaliza, na mkurugenzi anahesabu karanga.

Lakini mimi sikucheka, kwa sababu sikujua anataka kumwambia nini Ruashi. Angeweza kusema nimekusikia. Angeweza pia kusema inatosha, tumechoka na michezo. Na kule Ruashi Mujinga alikuwa ameketi mbele ya redio yake, bila kujua kwamba jibu lake lilikuwa kwenye foleni.

Punje ya mwisho ikaanguka kwenye kopo. Akasikiliza. Hewa ilikuwa tupu.

"Ruashi, huku Directeur."

"Ndiyo, Citoyen Directeur." Sauti ndogo kabisa.

"Nimekusikia muzuri. Posti ya Ruashi inabaki. Endelea na kazi."

Akaachia kitufe.

Mchakacho! Mchakacho mkubwa kuliko wote niliowahi kuusikia! Ruashi, Kipushi na Likasi wote wamebonyeza kwa pamoja, wote wanapayuka, hakuna aliyesikiliza, hakuna aliyegusa kopo, hata neno moja halikueleweka.

Nikanyoosha mkono nipunguze sauti. Papa Amisi akanizuia.

"Acha," akasema. "Leo bagongane tu."

Basi kijana uliyeuliza swali, jibu lako ndilo hilo. Ndani ya Wi-Fi hakuna chifu anayepanga nani aseme. Kila kompyuta inasikiliza kwanza, inasema, na isipojibiwa inangoja muda wa kubahatisha. Migongano ikizidi, inaongeza muda wa kungoja. Inafanya hivyo kwa kasi ambayo Ilunga asingepata hata nafasi ya kutafuna.

Nilichojifunza mimi ni kwamba watu wema wakigongana kila siku, tusikimbilie kumtafuta mzembe. Pengine wote wanafuata kanuni moja kwa uaminifu mkubwa, na kanuni yenyewe ndiyo mbovu. Badilisha kanuni kabla hujamfukuza mtu.

Wataalamu wa mitandao, nirekebisheni pale nilipokosea. Na ninyi mliowahi kutumia simu za upepo, iwe porini, bandarini au kwenye teksi, niambieni: kwenu mlifanyaje watu wawili walipobonyeza kwa pamoja? Nitasoma kila jibu, hata la mtu atakayenibishia.